Fundi Ajibu: Breki za Gari la Kasi Lenye Umri

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX ya 2002. Nikiteremka mlima mrefu kwa mwendo mkali, pedali inalainika na kuzama. Gari likipoa, hali inarudi sawa. Nimepata kalipa (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski) za kampuni ya Brembo, zilizotoka kwenye STI, toleo la kasi zaidi la Impreza. Nizifunge?

JIBU: Ndugu, fedha hizo zikae kwanza. Pedali inayolainika kwa joto kisha ikarudi ni dalili ya mafuta ya breki kuchemka. Kama pedali ingebaki ngumu huku gari halisimami, tungelaumu pedi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kidogo kidogo. DOT 4, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango cha chini kinachotakiwa ni 155 tu. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubanwa, ndiyo maana mguu unazama. Kalipa kubwa zenye mafuta yale yale ya zamani zitakuchelewesha tu kufika kwenye tatizo hilo hilo.

Anza hivi. Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo chake, jaza DOT 4 mpya au DOT 5.1 (kavu 260, yenye maji 180), kisha toa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta, gurudumu kwa gurudumu hadi yatoke masafi. Lita moja inatosha. Usiguse DOT 5: hiyo ni ya silikoni, haichangamani na hizo nyingine. Mpangilio wa magurudumu ufuate kitabu cha gari, maana si kila gari huanza na gurudumu la mbali. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Kwenye masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) yenye umri, sehemu ambayo pistoni haijafika kwa miaka huwa na kutu, na sili, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, zikipita hapo zinachanika. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo.

Ukiwa chini ya gari, kagua hosi za mpira. Zikiwa na nyufa au zinavimba mtu akikanyaga pedali, zitoe, na kila bolti inayopitisha mafuta ipate washa mbili mpya za shaba. Kalipa ikiwa ni ya kuteleza, yaani inayosogea juu ya pini, chomoa pini hizo. Pedi ya ndani iliyolika kuliko ya nje mara nyingi humaanisha pini zimekwama au pistoni hairudi. Safisha, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Pistoni yenye vishimo vya kutu pale sili inapokaa haipigwi msasa, inabadilishwa.

Baada ya hapo weka pedi zinazostahimili joto zaidi, halafu rudi kwenye mteremko ule ule. Magari mengi hupona hapa.

Ukibaki na nia ya Brembo, za mbele hukaa kwenye WRX kwa diski ya mm 326, lakini zinataka rimu za inchi 17 ambazo mikono yake haigusi kalipa, na bati la kukinga vumbi hukatwa kidogo. Angalia matundu ya diski: STI za kuanzia modeli ya 2005 zina bolti 5 kwenye duara la mm 114.3, yako ni mm 100. Za nyuma ndizo zenye usumbufu. Ngoma ya breki ya mkono kwenye diski ya STI ni ya mm 190, yako ni mm 170, kwa hiyo viatu vyako vya breki ya mkono havitaifikia. Na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: ikiwa ABS yako (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) tayari inagonga ukikanyaga kwa nguvu, umbali wa kusimama mara moja unaamuliwa na matairi. Breki kubwa zinakununulia uvumilivu wa joto.

SWALI: Usukani unatetemeka nikifunga breki. Diski zimechongwa mara mbili, kila mara tatizo linarudi. Je, zimepinda?

JIBU: Mara chache diski hupinda kweli. Kinachotokea ni diski kupata unene usio sawa, ama kwa masalio ya pedi yaliyoganda mahali pamoja, ama kwa kulika upande mmoja. Pima kwa mikromita sehemu nane za mzunguko. Tofauti ya mm 0.02 tayari inaweza kusikika mkononi. Kisha funga geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha kuyumba) na uzungushe diski ikiwa imekazwa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Kuyumba kukizidi mm 0.1, toa diski uchunguze uso wa habu. Gamba la kutu lililojificha hapo ndilo linaloyumbisha kila diski utakayoweka, mpya au iliyochongwa. Lisugue kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, na nati za gurudumu zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpango wa nyota. Mashine ya hewa peke yake haitoshi.

Diski iliyochongwa chini ya kipimo kilichoandikwa MIN TH (unene wa chini kabisa) pembeni mwake ni ya kutupa. Pedi mpya nazo zifundishwe: punguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa mara nane hivi, bila kusimama kabisa, kisha endesha bila breki hadi zipoe. Kusimama na mguu juu ya pedali wakati zimeiva ndiko kunakoacha ile alama.

SWALI: Diski za matundu au za mifereji?

JIBU: Mifereji, au laini kabisa zenye ubora. Kwa mwendo mkali matundu huanzisha nyufa.

SWALI: Nimefunga kalipa za pistoni nne mbele badala ya zile za pistoni moja. Upepo umetolewa mara kadhaa, lakini pedali bado inashuka kuliko zamani. Nibadilishe masta silinda?

JIBU: Kwanza tazama nipeli za kutolea upepo. Zikiwa chini, kalipa ya kulia iko kushoto na hewa haitatoka hata ukeshe. Kama ziko juu, fanya hesabu. Pistoni moja ya mm 57 ina eneo la mm² 2,552. Kalipa ya pistoni nne hulinganishwa kwa upande mmoja: mbili za mm 43 ni mm² 2,904. Eneo limeongezeka karibu asilimia 14, hivyo pedali kushuka kidogo ni halali.

Masta silinda ya inchi 1 1/16 badala ya inchi 1 huongeza eneo kwa karibu asilimia 13 na kurudisha pedali juu, ila mguu utasukuma kwa nguvu zaidi kwa kiasi hicho hicho. Kabla ya kuinunua, washa injini na ushikilie pedali kwa nguvu moja. Ikizama polepole bila mafuta kuvuja popote, sili za ndani za masta silinda zimekwisha. Ikipanda ukipiga mara mbili za haraka, bado kuna hewa, au beringi ya gurudumu ina mchezo na diski inasukuma pistoni nyuma.