Mume wangu ana sukari, sasa kila mlo ni ugomvi

SWALI: Shikamoo dada. Mume wangu ana miaka 48, juzijuzi kapimwa akaambiwa ana kisukari aina ya pili, wakampa vidonge vya metformin. Tangu hapo sukari nimeitoa yote ndani, na yeye nampikia pembeni, mboga za majani na kipande cha ugali, sisi na watoto tunakula wali. Anamega mara mbili anaacha, halafu naambiwa kaonekana anakula chipsi na soda. Nikimuuliza anakuwa mkali, eti namfanya mtoto. Mama mkwe naye kaleta mizizi anataka vidonge viachwe kabisa. Nifanyeje? Mama wa watatu, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mimi naona shida inaanzia kwenye hicho chakula cha pembeni. Baba mwenye nyumba anakaa na wanawe wao wana wali yeye kapewa sahani ya mgonjwa, lazima ataenda kutafuta mahali anapokula kama watu wengine. Pikeni chungu kimoja, wote mle hichohicho, tena ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo kwahiyo na watoto unawasaidia. Nusu ya sahani iwe mlenda, mchicha au majani ya kunde, robo maharage au samaki au kuku, robo iliyobaki ugali au wali, ndio, hata wali anakula ila kidogo. Na huku kwetu tunadanganyana sana kwamba ugali wa uwele au mtama ni dawa ya sukari basi mtu anakula mlima, jamani ule nao ni wanga, unapandisha. Zabibu asile kilo, konzi moja inatosha, soda na juisi ndo aachane nazo.

Halafu muulize taratibu kuhusu tumbo. Metformin siku za mwanzo inaleta kichefuchefu na kuharisha kwa watu wengi, inawezekana hasusi chakula chako, tumbo limemvurugika na anaona aibu kusema. Anywe pamoja na chakula au akishamaliza kula, ikizidi amwambie daktari, asiache kimyakimya. Usimuulizie mezani mbele ya watoto, toka naye jioni jua likipoa mtembee nusu saa, mguu nao unashusha sukari, na mwanaume njiani anaongea mengi kuliko akikaliwa kikao. Anaweza kuwa na hofu ya nguvu za kiume na hajui aanzie wapi, maana sukari isipodhibitiwa inazigusa kweli.

Sukari irudishe ndani hata robo kilo. Metformin peke yake ni nadra kushusha sana sukari ya mwilini, lakini siku akiongezewa glibenklamaidi (vidonge vingine vya kisukari) au insulini, sukari inaweza kushuka mno akatetemeka na kutoka jasho jingi, hapo koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji anywe, baada ya dakika 15 mpime sukari. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, kimbiza hospitali. Miguu mkague kila usiku, macho yapimwe kila mwaka.

Kwa mama mkwe usibishane naye, mizizi ambayo hatujui kipimo chake inaweza kuumiza figo ila akisikia kwako ataona unamdharau. Siku ya kliniki nendeni wote watatu, wewe, mumeo na mama, yeye mama aibebe hiyo mizizi amwonyeshe daktari mwenyewe.