"Jina la mwisho" ni la nani?

SWALI: Natengeneza fomu ya kusajili wavuvi kwa Microsoft Access, programu ya kutunza taarifa kwenye majedwali. Kitufe cha kutunza taarifa nimekiandika "Hifadhi". Mwenzangu anataka "Kuhifadhi", eti watu wa Kigoma wakisoma "Hifadhi" watafikiria Gombe. Nani yuko sahihi? Nimeambatanisha picha ya fomu. (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Wewe. Neno limetoka Kiarabu, kwa maana ya kulinda na kutunza, na ndilo lililotupa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Lakini hakuna atakayebofya kitufe akitarajia sokwe. Kitufe hupewa kitenzi cha kuamuru. Ukimfuata mwenzako utakuwa na Kuhifadhi, Kufuta, Kufunga na Kutafuta, na karani mwenye foleni atalazimika kuiruka hiyo "Ku" kila mara. Tena Access hukuruhusu kutia alama ya & kabla ya herufi ili kitufe kiitike ukibonyeza Alt pamoja na herufi hiyo. Vyote vikianza na K, vitagombana. Hata Futa na Funga zinagombea F; Funga ipe G.

Hilo limekwisha. Kilichonikera ni kile nilichokiona juu ya vitufe: "Jina la Kwanza", "Jina la Kati", "Jina la Mwisho".

Mwisho wa nini? Chukua mvuvi anayeitwa Juma, baba yake Hamisi, babu yake Kassimu. Leo anajiandikisha Juma Hamisi, kwa hiyo jina lake la mwisho ni Hamisi. Mwezi ujao karani mwingine anamuuliza majina matatu, na la mwisho linakuwa Kassimu. Kwenye jedwali lako sasa kuna wavuvi wawili, mmoja hayupo. Mkewe akija, je, aandike jina la babu yake au la mume? Lebo haimwambii. Na ng'ambo ya mpaka, Warundi wengi hutanguliza jina la Kirundi, la ubatizo likafuata. Ndugu wa baba mmoja wanaweza wasishiriki jina lolote. Kwa mtu huyo "Jina la Mwisho" litakuletea Pierre, nawe utampanga kwenye orodha kwa herufi P ukidhani huo ndio ukoo wake.

Lebo hii imeletwa kutoka kwa watu ambao jina la mwisho kwao ndilo la familia, baba na watoto wote wanalo moja. Sisi tumeichukua bila kuuliza kama ukoo wetu unakaa mahali hapo. Anayejaza hakosei, ameulizwa nafasi ya neno badala ya kuulizwa neno lenyewe.

Andika "Jina lako", "Jina la baba", "Jina la babu", na kama unahitaji ukoo, andika "Ukoo". Asiyetumia babu aache wazi, kwa hiyo usilifanye la lazima. Jina la safu ndani ya jedwali unaweza kuliacha lilivyo: Access hutenganisha jina la safu na maneno yanayoonekana kwenye lebo, kwa hiyo hoja (queries) na ripoti zako hazitavunjika.

Najua fomu za ofisi zimejaa "Jina la Mwisho" na sitaweza kuziondoa zote. Ya kwako bado haijaanza kazi. Ibadilishe kabla wavuvi wa Kibirizi, huko Kigoma, hawajapanga foleni.