Jibu: Siku moja St. Gallen inatosha?

Dada, umeuliza kama siku yako moja ya mapumziko pale Zurich itatosha kwenda kuona maktaba ya watawa ya St. Gallen, mji wa mashariki mwa Uswisi. Inatosha kabisa, nenda! Kwa treni ni mwendo wa kama saa moja hivi.

Mlangoni utavaa ndara kubwa za kitambaa kizito juu ya viatu vyako, kulinda sakafu ya mbao. Ukumbi ulijengwa kati ya 1758 na 1767 na ni mzuri mno, ila usimalize muda wote ukitazama dari. Sogea kwenye makabati ya vioo. Wana miswada, yaani vitabu vya kuandikwa kwa mkono, zaidi ya 400 iliyoandikwa kabla ya mwaka 1000, kwenye ngozi ya mnyama. Inama uangalie: pengine utakuta ngozi ina tundu, na mwandishi amepitisha maneno yake pembeni. Sisi wa Bukavu, tunaoona unyevu na mchwa wakimaliza madaftari ya juzi tu, hapo lazima tusimame.

Vinavyoonyeshwa hubadilishwa, kwa hiyo kabla ya safari fungua e-codices, tovuti yenye picha za miswada iliyoko Uswisi. Mamia ya miswada yao imo humo, bure, hata kwa simu.