Sauti ya kaka, pesa za tapeli

SWALI: Shikamoo anti. Juzi mama katumiwa voisi WhatsApp, sauti kabisa ya kaka yetu alie Maskati, anataka laki 3 fasta eti kapata ajali, mama akatuma, kumbe kaka yuko kazini hajui lolote, ni AI (akili bandia) imemwigiza. Sasa hata mimi nikipiga mama haniamini. Hivi hakuna sheria?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Sheria zipo, kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 nayo ipo, ila hazikuandikwa kwa ajili ya AI. Wenzetu Umoja wa Ulaya walipitisha yao 2024, inataka sauti na picha feki za AI ziwekewe alama. Sawa, lakini tapeli gani atabandika alama kwenye utapeli wake jamani? Mi naona wabanwe hasa wenye hizo programu, mtu asiweze kunakili sauti ya mwenzie bila ridhaa.

Mama usimnunie, ana haki. Kaeni familia mchague swali la siri (sio jina la babu, hilo liko Facebook), na ikija stori ya pesa kateni, mpige wenyewe namba mnayoijua. Namba ya tapeli itumeni 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu), mkaripoti polisi, na meseji ya muamala pamoja na ile voisi msifute.