Mwanangu, usinunue bamba lenye mpira mnene

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini kamera yako hujizungusha juu ya tripodi kila unapoilaza upige picha ya wima, na kama bamba (kile kipande bapa kinachofungwa chini ya kamera ili ikae kwenye tripodi) lenye mpira mnene zaidi litaituliza. Halitaituliza. Mpira hubonyea, na ukishabonyea kamera inapata nafasi ya kusogea.

Kamera yako imeshikiliwa na skrubu moja tu ya robo inchi, yenye hesi 20 kwa kila inchi. Ukiilaza, uzito wa lenzi huvuta chini na kuizungusha kamera nzima kwenye skrubu hiyo. Upande unaoilazia una maana kubwa. Simama nyuma ya kamera: ukiilaza kushoto, lenzi inapoinama inailegeza skrubu, ukiilaza kulia, inaikaza. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, anza kuilaza kulia.

Dawa ya kudumu ni bamba la umbo la L. Linapanda ubavuni mwa kamera, hivyo kwa picha ya wima unaichomoa kamera, unaisimamisha na kuifunga tena kwa ule ubavu. Kichwa cha tripodi hakiinami, na uzito unabaki juu ya miguu yote mitatu. Nunua lililotengenezwa kwa modeli yako hasa, maana lina ukingo unaokumbatia mwili wa kamera na kuizuia isizunguke. La kutoshea kamera zote halina ukingo huo, na mara nyingi huziba mlango wa betri au matundu ya nyaya. Kama kioo cha kutazamia picha nyuma ya kamera yako hufunguka kwa ubavuni, hakikisha bado kinafunguka.

Sasa angalia kibanio, yaani sehemu ya juu ya tripodi inayolishika bamba. Mabamba ya mfumo wa Arca-Swiss, unaofuatwa na watengenezaji wengi, yana upana wa takriban milimita 38 na kingo zilizokatwa mshazari, lakini vipimo hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji. Kibanio cha kuzungusha kwa mkono huvumilia tofauti hiyo. Cha wenzo, kinachofungwa kwa kusukuma mkono wake mara moja, kinaweza kulegea kwa bamba moja na kukataa kufunga kwa jingine, hivyo kama unachanganya chapa, mimi ningechukua cha kuzungusha. Bamba la kawaida la 200PL la chapa ya Manfrotto lina umbo lake na halifungi kwenye kibanio cha Arca-Swiss.

Skrubu ya bamba nayo usiichukulie poa. Ikiwa ndefu mno hufika mwisho wa tundu kabla bamba halijagusana na kamera: mkononi utahisi imekaza, kumbe bamba linacheza, na ukizidi kulazimisha unaharibu tundu. Kamera nyingi za Sony zinataka skrubu iliyojitokeza chini ya milimita 5.5, soma kitabu cha yako. Chagua yenye tundu la spana ya pembe sita, ikaze kwa spana fupi hadi igome, basi. Kisha shika bamba kwa mkono mmoja, sukuma lenzi taratibu kushoto na kulia. Pasisogee hata kidogo.

Vile viskrubu viwili vidogo chini ya bamba usiving'oe. Ndivyo vinavyozuia kamera kuteleza na kuanguka kibanio kikilegea.

Na ile lenzi yako ndefu, kama ina kola, yaani pete inayoizunguka lenzi yenye mguu wa kufungia, funga kola kwenye tripodi, si kamera. Hapo hata bamba la L hulihitaji: unalegeza kola, unazungusha kamera ndani yake, unakaza.

Baba yako