Shangazi, nimebaki na mayai na mchicha

Shangazi,
Mimi ni fundi cherehani. Tangu mwaka jana, saa mbili au tatu baada ya kula, mikono inatetemeka hata uzi haupiti kwenye sindano, jasho linanitoka na njaa inaniuma kama sijala. Zahanati waliniambia sukari inashuka baada ya chakula, nipunguze wanga. Nikaacha soda, kisha wali, chapati, ugali, mwishowe hata ndizi. Nimebaki na mayai, mchicha na parachichi. Nimekonda, na hali inazidi. Wifi anasema naringa. Jumamosi mdogo wangu anaolewa, nisiende?
Mla Mayai, Morogoro

Pole, mwanangu. Wifi muache kwanza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba umeacha karibu kila kitu na bado unazidiwa. Kama wanga ndiyo ingekuwa shida yote, si ungeshapata nafuu? Usiache chakula kingine chochote kabla hujarudi hospitali.

Je, umewahi kupima sukari wakati uleule unatetemeka? Barua yako haisemi. Jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio huletwa pia na wasiwasi, tezi ya shingoni, hata upungufu wa damu. Kwa hiyo tafuta kile kipimo cha kidole, kikae kando ya cherehani. Ikikushika, nawa mikono kwanza (kidole chenye maji ya embe hudanganya mashine), toboa, soma namba, ndipo unywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari. Angalia kama nafuu inakuja ndani ya dakika kumi na tano. Ikisoma chini ya 3.0 (kwa mashine inayosoma mmol/L), nawe hutumii dawa za kisukari, hilo ni jambo la kufuatiliwa. Ikisoma 5, basi ugali umeonewa bure.

Andika yote nyuma ya daftari lako la vipimo vya wateja: saa uliyokula, ulichokula, saa uliyotetemeka, namba. Lipeleke kwa daktari wa magonjwa ya ndani hospitali ya mkoa. Mwambie kama uliwahi kupasuliwa tumbo, kama kwenu kuna kisukari (sukari kushuka hivi wakati mwingine hutangulia ugonjwa huo), na dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Usione haya. Na ikikushika usiku au asubuhi kabla hujala, au ukazimia, usingoje daftari lijae. Nenda siku hiyohiyo.

Wakati huo rudisha wanga kidogokidogo, lakini isiende peke yake. Tonge chache za dona, baada ya kutangulia mboga na maharage au dagaa. Katikati ya milo, kila saa tatu hivi, tafuna karanga za kuchemsha. Chai ya sukari na maandazi kwenye tumbo tupu, hapo nakubaliana na zahanati.

Harusini nenda. Kula kitu nyumbani kabla ya kutoka, maana chakula cha ukumbini hakina saa. Pilau pakua kidogo, anza na nyama na kachumbari, soda wape watoto. Karanga na sukari viwe mkobani, na dada mmoja ajue viko wapi. Wifi akiuliza unatafuna nini, mpe naye.