Stevia kuacha uchungu kwenye chai si lazima iwe feki: jibu kutoka Moshi

Mkuu mleta mada, umesema umemnunulia mama hapo Arusha kopo la unga wa stevia, kitamu cha mmea kinachotumika badala ya sukari, kwa sababu ya kisukari. Chai inaanza tamu, halafu inaacha uchungu kooni, na jirani amekwambia umeuziwa feki. Naona wachangiaji wengi wamemuunga mkono jirani. Mimi hapana. Kazi yangu ni kuonja kahawa hapa Moshi, na kwetu Kibosho wanapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa hiyo tamu na chungu ndivyo ninavyoshinda navyo.

Uchungu huo ni wa stevia yenyewe. Mmea huu asili yake ni Paraguay na majirani zake, na utamu wake unatokana na vitu kama steviosidi na rebaudiosidi A, ambavyo ni vitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Sasa angalia ulimi unavyofanya kazi. Utamu unapokelewa na kipokezi cha aina moja kilichoungana kwa protini mbili. Uchungu una vipokezi vya aina kama 25, maana sumu nyingi za mimea ni chungu na mwili umejiwekea walinzi wengi upande huo. Steviosidi inashika kipokezi cha utamu, na papo hapo inashika viwili vya uchungu. Kwa hiyo usidhani utamu uligeuka njiani. Vyote viliingia pamoja, ila uchungu una tabia ya kuchelewa kuonekana na kung'ang'ania kuondoka.

Sakarini, kitamu cha maabara, ni hivyo hivyo. Iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg, mkemia aliyekuwa akifanya kazi maabara huko Baltimore, Marekani. Alikwenda kula bila kunawa vizuri, akashangaa mkate wake mtamu. Ukiiweka kidogo ni tamu tupu, ukizidisha uchungu unajitokeza. Na kuna jambo linalonifurahisha mimi zaidi: chukua sukari hii hii ya mezani, uibandikie asidi ya siki kwenye mikono yake yote minane, unapata kitu kichungu kabisa. Upande wa pili, kuna kampaundi chungu ya ganda la chungwa chungu ambayo wanakemia wa Marekani miaka ya 1960 waliibadilisha kidogo tu ikawa tamu kupita sukari mara elfu na zaidi. Tamu na chungu ni majirani wa karibu sana kwenye kemia, kuliko tunavyodhani tukiwa mezani.

Sasa mbege, kwa sababu kuna mdau hapo juu ameandika kwamba "kitu kizuri hakiwezi kuwa na uchungu". Huyo hajakaa kilabuni Kilimanjaro. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu mpaka zinaiva rangi nyekundu nyekundu, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa. Pembeni kuna uji wa kimea cha ulezi, na humo ndimo linapoingia gome chungu la mti wa msesewe, limekaushwa na kutwangwa. Maji ya ndizi peke yake yana utamu unaochosha, kata moja tu umekinai. Msesewe ndio unaokufanya uombe ya pili. Mama yangu mkubwa akipika haonji kwanza mchanganyiko, anaonja maji ya gome. Anachovya kidole, analamba, anatema, kisha anakaa kimya anatazama migomba kama vile kasahau anachofanya. Ukimuuliza anakunyamazisha kwa mkono. Anasubiri uchungu umalize safari yake, ndipo aseme gome liongezwe au uji uongezwe. Watu wanaonja sekunde ya kwanza na kutoa hukumu, yeye anapima mkia.

Wengi huku wanaamini msesewe una kwinini, ile dawa chungu ya malaria. Hauna. Kwinini inatoka kwenye gome la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini, na ilitenganishwa na wakemia wawili Wafaransa mwaka 1820. Msesewe ni Rauvolfia caffra, uchungu wake ni wa alkaloidi (kemikali chungu za mimea) nyingine, na jamii hiyo ya miti ndiyo iliyotupa reserpini, dawa ya presha iliyotumika sana miaka ya 1950. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaochemsha gome kavu na kunywa kama dawa ya malaria. Tafadhali, hiyo si kwinini, na ukiwa unatumia dawa za presha ndiyo usiguse kabisa.

Kahawa niigusie tu. Kafeini inachangia sehemu ndogo ya uchungu wa kikombe. Sehemu kubwa inazaliwa kwenye kikaangio: asidi za klorojeniki zilizomo kwenye kahawa mbichi zinavunjika na kuwa vitu vichungu viitwavyo laktoni, na ukiendelea kukaanga hadi nyeusi laktoni nazo zinageuka vitu vyenye uchungu mkali unaokwaruza. Arabika mbichi ina sukari kama asilimia 6 hadi 9, lakini moto unaimaliza karibu yote. Utamu tunaousifia mezani pale unatoka zaidi kwenye harufu.

Turudi kwa mama. Kwanza punguza kipimo. Watu wanaweka stevia kwa kijiko kama sukari, wakati unga safi unatakiwa wa ncha ya kisu. Pili, weka chembe chache za chumvi kwenye birika. Chumvi inabana uchungu kabla haijasikika yenyewe, na uchungu ukibanwa utamu unapata nafasi. Kama mama ana presha, ziwe chembe kweli. Tatu, maziwa. Wapishi wa mnafu, ile mboga chungu ya majani, hapo Arusha wanalijua hili siku nyingi, mnafu uliomalizwa na maziwa hauna ukali wa ule wa maji matupu, kwa kuwa mafuta na protini za maziwa zinashika baadhi ya vitu vichungu. Na umwonjeshe yeye mwenyewe, usimwamulie kwa ulimi wako. Tangu 1931 inajulikana kwamba kuna vitu ambavyo mmoja anavisikia vichungu na mwenzake hasikii kitu, ni suala la kurithi.

Ukija kununua tena, soma nyuma ya kopo. Iliyoandikwa rebaudiosidi A nyingi ina uchungu kidogo kuliko ya steviosidi, na rebaudiosidi M uchungu wake ni mdogo zaidi ila bei yake si ya kitoto. Unachotakiwa kuogopa ni maneno maltodekstrini au dekstrosi kuwa mwanzoni mwa orodha. Hizo zinapandisha sukari ya damu, na kopo la namna hiyo linaweza kuwa tamu safi bila uchungu wowote. Hilo ndilo ningelirudisha dukani.